Tumeruhusiwa

Wodi ya watoto,
Dar es Salaam,
Agosti 1993

Mdogo wangu Haruni,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, Mama magoti yamempa nafuu, na shemeji yako Waride na kichanga wetu hawajambo. Sisi huku hatujambo. Najua utalalamika kwamba mwandiko wangu ni kama kaa kapita kwenye tope. Vumilia, uwasomee Mama na Waride hivyo hivyo, ndiyo faida ya kumpeleka mtu shule.

Habari kubwa niitangulize: tumeruhusiwa. Daktari kaniambia leo kwamba mwanetu Amal anaweza kurudi nyumbani. Ijumaa tutapanda basi, utupokee stendi ya Kibiti, tushuke wote nyumbani Nyamisati. Sindano za ile saratani ya taya, tuliyoidhania jino bovu mpaka tukaling'oa, zimekwisha. Hachomwi tena, na nywele zilizonyonyoka zimeanza kuota.

Mjini huku siku hizi kila kitu ruksa. Nje tu ya geti la hospitali wanauza redio, mafuta ya kujipaka, mitumba. Nimempatia Amal viatu vyekundu. Vinampwaya, lakini muuzaji kasema mtoto atavikulia, naye hataki kuvivua hata kitandani.

Kuna nesi mmoja, Sista Tabu, anasoma chuoni. Utafiti wake ni kujua familia zenye watoto wagonjwa wa saratani zinapata wapi nguvu. Kawahoji kina mama wote wodini, kisha akaja kwangu, mwanamume pekee, kama mtu aliyeokota kitu. Akaniuliza mbona silii, sigombi na manesi, na nguo za mtoto nafua mwenyewe, nguvu hizo nazitoa wapi. Nikamwambia nguvu gani, Sista, mimi nimekaa tu. Nikienda kukata boriti najua pa kupiga shoka. Hapa sina pa kupiga. Akaandika kwamba mimi ni mstahimilivu. Nilicheka, wallahi. Kumbe mtu kukosa pa kwenda nako ni ustahimilivu.

Hapa tua, Haruni. Usisome kwa sauti. Waambie mwandiko umekushinda, geukia kwenye mwanga, usome kimoyomoyo.

Bila shaka Waride ameshapiga kigelegele. Hata mimi nilifurahi. Daktari aliposema ametupa ruksa, nilimshika mkono kwa mikono miwili nikamwombea dua, naye akatazama chini. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi Sista Tabu aliponikimbilia. Akanishika mkono wa shati, akasema taratibu:

"Baba Amal, hii si ruksa ya kupona."

Dawa zimeshindwa. Ugonjwa umepanda mpaka kichwani. Sindano wamezisimamisha kwa kuwa zinamtesa bure, na nywele zinaota kwa sababu hiyo hiyo. Wametupa vidonge vya maumivu, wakasema nyumbani kutamfaa kuliko hapa. Nilimuuliza Sista, katika wote aliowahoji, nani alijua namna ya kumwambia mama wa mtoto. Alilia yeye.

Naogopa, mdogo wangu. Naogopa Waride atakavyomwona anashuka na vile viatu. Nilitaka nikuombe umwambie, nikaona ni ukatili. Nikataka nikuombe umfiche, nako ni ukatili. Sijui. Nikijaribu kufikiri nasikia tu uchovu. Ninachokuomba ni kimoja: Kibiti usije naye. Tafuta kisingizio chochote, sema basi halina saa maalumu, sema kichanga atapigwa na vumbi. Njoo peke yako, nikuone wewe kwanza, nilie huko huko stendi, ili nikifika nyumbani niwe nimekwisha kulia.

Sasa kohoa, warudie, uendelee kwa sauti.

Amal anawasalimu nyote, bibi yake, mama yake, na mdogo wake ambaye anasema atambeba yeye kabla ya mtu mwingine. Anasema mama yake aweke kitana karibu, nywele zikirefuka kidogo tu amsuke.

Nasi huku hatujambo.

Wasalaam,
Kaka yako,
Mshamu