Mtamba wa Mzee Mahfudhi

Jumapili, 1 Julai 1973

Baridi ya kukunja vidole. Cherehani imegoma mpaka nilipoitia mafuta. Nilikusudia kutoshona leo, lakini jezi namba tisa imechanika tena kwapani na mechi ni jioni. Padri hajui. Mungu anajua, ila Yeye naamini ni shabiki wa Radi, timu yetu.

Mzee Mahfudhi kaniletea kahawa barazani. Chungu kama kawaida. Baraza ni lake, duka ni lake, na mimi nimezeekea hapa nje ya mlango wake nikikanyaga cherehani. Jezi pia ni zake. Mpira, nyavu, pampu, hata filimbi. Mpira hulala stoo kwake, kati ya debe la mafuta ya taa na gunia la dagaa, kwa hiyo wachezaji wetu wakipiga vichwa hurudi nyumbani wananukia mchuzi. Na timu huipanga yeye.

Jioni sare na vijana wa Kabanga. Golikipa wao alicheza amevaa kandambili. Bosko, namba tisa wetu, alikosa bao ambalo hata mimi ningelifunga kwa kitambi. Watu wakamzomea. Mzee alikaa kwenye kiti chake, peke yake, karibu na mstari. Hakugeuka. Kila wiki Bosko. Hakuna ajuaye kwa nini.

Alhamisi, 5 Julai

Mkutano wa mashabiki. Darasa la tatu, madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio. Aliyeitisha ni Mwalimu Gervasi, katibu wetu. Kijana mzuri, ila huongea kama redio. Kauliza: Radi ni ya nani? Ya anayenunua mpira au ya wanaoupiga? Na sisi tunaoimba mpaka koo zinakauka, tuna sehemu gani? Akasema tumechoka kuwa wa pili kila tukicheza na Kibondo. Nilitaka kumkumbusha kwamba timu zikiwa mbili, wa pili ndiye wa mwisho. Nikaacha.

Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Kupe huyo! Ananyonya jasho letu!"

Neno baya. Siku hizi linatosha kumharibia mtu. Na kama ni kunyonya, kahawa yake naipiga mimi kila asubuhi. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Nikaufunga. Nimezoea kubana pini kwa midomo, hata pini zisipokuwepo.

Aliyeokoa jahazi ni Mama Nyabenda, muuza maharage, ndiye anayetuongozea nyimbo uwanjani. Kasimama na kanga yake kiunoni. "Sikilizeni, wanangu. Huyu mzee, kwa mipira yake, ni kama alitupa ng'ombe. Ng'ombe wa mtu hanyang'anywi. Anarudishiwa mtamba."

Makofi ya viganja vilivyokunjwa, makofi ya kwetu, taratibu.

Ndivyo! Mbona hatukuwaza? Kwetu Uha mtu akikupa ng'ombe umfuge, maziwa ni yako, lakini wewe mwenyewe ni mtu wake. Unamwamkia kwa kuinama. Siku ukimrudishia mtamba mzuri, jike ambaye hajazaa bado, umesimama wima. Wala hujaachana naye. Mmekuwa ndugu, hakuna wa juu wala wa chini. Marehemu baba aliitamani siku hiyo mpaka akafa hajaiona.

Kila mtu atatoa maharage, yabadilishwe na mtamba. Mimi kwetu Muyama, kwa hiyo nimetumwa nikamtafute. Nimelala na furaha ya kijinga.

Jumamosi, 7 Julai

Nimetoka Muyama na mtamba. Au yeye katoka na mimi. Mwekundu, baka jeupe kwenye paji, macho ya bibi harusi, tabia ya askari. Kaniburuza kwenye mtelemko mpaka kiatu kimoja kimebaki huko. Wanawake waliokuwa wakivuna walicheka wakashika viuno. Mmoja akaniuliza ni nani anampeleka nani sokoni.

Miguu inauma. Mtamba ni mzuri kweli. Mzee atalia.

Jumapili, 8 Julai

Tumempeleka. Watu tele, ngoma, Mama Nyabenda mbele. Mzee katoka dukani, kofia yake nyeupe, miwani juu ya paji. Mwalimu kasoma hotuba: kwamba tangu leo klabu imesimama kwa miguu yake, na tunamshukuru kwa yote. Nikamkabidhi kamba.

Mzee akaitazama ile kamba. Akasema "Ahsanteni" kwa sauti ndogo. Akamfunga mtamba kwenye nguzo ya baraza. Akaingia stoo. Akatoka na mpira, akaingia tena, nyavu, pampu, jezi zimekunjwa vizuri, kila kitu akakiweka juu ya meza ya cherehani yangu. Halafu akafunga mlango.

Tukapiga makofi. Tulidhani kazidiwa na furaha. Tukaenda kunywa.

Jumatatu, 9 Julai

Leo hakuna kahawa.

Nilikaa mpaka jua likapanda ndipo nikathubutu kugonga. Yuko ndani, anapanga vitu kwenye sanduku la bati. Nikamuuliza, Mzee, vipi? Akasema bila kuniangalia: "Mmenilipa, fundi. Mtu akilipwa huenda zake."

Nikamwambia siyo malipo. Akaniambia kwao Pangani jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu, unaweka kitu kidogo, ili kuwe na kwenda na kurudi. "Lakini ukirudisha sahani na mbuzi mzima juu yake, unamwambia usinipikie tena. Nyinyi mmenirudishia ng'ombe." Akafunga sanduku. "Wanao hawakulipi, fundi. Wanakulipa wageni wako."

Nikaanza kueleza habari za baba yangu na mtamba. Maneno yakaja ovyo, nusu Kiha nusu Kiswahili, hata mimi sikujielewa. Akanipigapiga begani kama mtoto aliyeshindwa hesabu.

Sote tulidhani anaijua mila hii. Kamzika mkewe hapa. Anajua nani anaumwa na nani ana mimba kabla ya mume. Hatukuwaza kwamba hakuna aliyewahi kumpa ng'ombe, wala yeye kumpa mtu. Alitupa mipira.

Nina aibu kali.

Jumatano, 11 Julai

Mambo mawili.

Moja: mazoezi ya kwanza ya klabu yenye miguu yake. Mpira ulilala darasani, umeamka mkavu kama ngozi ya ngoma. Kumbe Mzee alikuwa anaupaka mafuta ya ng'ombe kila jioni. Kisha kupanga timu. Makocha walikuwa wengi kuliko wachezaji. Kila shabiki sasa ni mwenye mali, na kila mwenye mali ana mpwa anayejua kupiga chenga. Giza likaingia mpira haujaguswa. Mwalimu Gervasi kakaa chini kwenye nyasi kashika kichwa. Nikamhurumia.

Mbili: mtamba amekula kaniki ya mteja, mita nzima, na anaiangalia iliyobaki.

Mzee ameulizia lori la kwenda Kigoma mjini, akapande treni. Mwenye duka la jirani amekuja kutazama rafu. Mzee anasema ataondoka mwezi huu huu. Sijui nitashona nje ya mlango wa nani. Hilo ndilo nililowaza kwanza, na nimejichukia. La pili lilikuwa yeye kwenye treni na sanduku la bati, hakuna wa kumpungia mkono.

Ijumaa, 13 Julai

Nimemweleza Skolastika, mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Kibondo na kila tukifungwa huniandalia ugali mkubwa kwa huruma. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

Akauliza: "Ng'ombe yuko wapi?"

Kwenye nguzo ya baraza.

"Kama baiskeli?"

Kama baiskeli.

Akaacha kupepeta. "Zizi lake nani amejenga? Majani nani anakata? Mmempelekea ndugu yenu ng'ombe, mkamwachia kamba, mkaenda kulewa. Mkwe wangu angefanyiwa hivyo angewalaani. Hata mimi ningeona nimefukuzwa." Akaendelea kupepeta. "Na mnashangaa mnafungwa na sisi."

Kweli tupu. Anayerudisha mtamba humjengea ndugu yake zizi kwa mikono yake, ndipo mambo yanatimia. Kila mtu anajua. Tulilisahau kwa sababu wote tulikuwa tumeshughulika na kuwa wenye klabu.

Nimezunguka kwa watu mpaka jioni. Kwa Mwalimu nimesema yote, bila pini mdomoni.

Jumamosi, 14 Julai

Tulifika asubuhi na miti, panga, kamba za magome. Mama Nyabenda hakubisha hodi. Kaingia uani moja kwa moja, akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, ndugu yangu! Hivi ng'ombe wetu unamlaza nje kama mlevi?"

Mzee katoka na kibandiko cha karatasi mkononi, alikuwa anakibandika kwenye sanduku. "Wenu? Si mmenilipa?"

"Tumekulipa nini? Sogea, umesimama penye lango."

Hakusogea. Watu wakaanza kuchimba kumzunguka. Yule aliyesema kupe alikuwepo. Alichimba kuliko wote, hakuinua macho. Mwalimu Gervasi viganja vilimtoka malengelenge kabla ya saa nne. Mimi nilipewa kazi ya kumshika mtamba, yaani kazi ya kuburuzwa.

Mzee alikaa juu ya gunia la chumvi akitutazama. Baadaye akauliza, kwa nini kila mtu anachimba, si mngeajiri kibarua? Mama Nyabenda akamjibu bila kusimama: "Kibarua ni wa kujengea mgeni. Ndugu anajengewa na ndugu." Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa kanzu. Akaifuta tena. Kisha akainuka, akaenda kwa Mwalimu na kumwambia lango mmelielekeza vibaya, upepo wa huku unatoka upande ule, hamjui kitu. Wakabishana mpaka mchana. Mwalimu kashindwa.

Sanduku la bati bado liko mlangoni.

Jumapili, 22 Julai

Kibondo na kurudi kwa lori. Nimekuwa mwekundu kwa vumbi, hata Skolastika hakunitambua, au alijifanya.

Timu ilipangwa na kamati ya mashabiki. Tulipigana kidogo tu. Mzee alikuja, naye alipanda nyuma kwenye magunia pamoja nasi. Kiti chake hakukibeba. Nilimbana asianguke kwenye kona. Mwepesi kama mtoto.

Kufika, mashabiki wa Kibondo wakatupokea, na hapo Uha ukatushika. Makofi, kuinama, habari za watoto, za mbuzi, za maharage, za shangazi aliyekuwa mgonjwa mwaka juzi. Shemeji zangu peke yao walinimaliza nusu saa. Refa ni mtu wa Tabora. Alipuliza filimbi, akapuliza tena, mwisho akakaa juu ya mpira akangoja tumalize kuulizana hali. Ndipo tukaanza kutukanana.

Bosko alianza. Kamati nayo ilimpanga, hakuna mwingine mrefu. Akakosa bao la wazi. Na nani aliyeruka wa kwanza kumfokea? Mzee Mahfudhi! "We Bosko! Miguu umeazima?" Lori zima tukamgeukia. Nikamuuliza, si ndiye uliyekuwa ukimpanga kila wiki?

"Nyinyi mlikuwa mnamzomea," akasema. "Angeachwa nje, angebaki na nani? Sasa anao wengi, acha na mimi nimtukane."

Nilitazama pembeni. Vumbi lile linaingia machoni.

Tulifungwa moja bila. Njia nzima ya kurudi watu walibishana kuhusu kamati, kocha, na kama klabu ni ya waimbaji au ya wachezaji. Mzee alibishana mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyemwita mwenye timu. Wala hakuna aliyemwita kupe.

Jumanne, 24 Julai

Kimya. Wateja wawili, kaptura za shule.

Mchana Mzee akafunga duka, akaniomba nimwonyeshe yanakokatwa majani. Tumeshuka bondeni taratibu kwa ajili ya magoti yake. Hajui kushika mundu. Nilimwonyesha mara moja, nikamwacha akate vibaya apendavyo. Upepo, kunguru, moshi wa mtu anachoma shamba ng'ambo. Hatukuongea juu ya lori wala treni. Nilikuwa na hofu ya kuuliza nikajibiwa.

Tulirudi na mizigo miwili, wake mdogo. Mtamba akala mkononi mwake. Mzee akasimama akishika mti wa lango, akalipima zizi kwa macho, huku na huku, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata.

"Fundi," akasema, "zizi hili dogo. Akizaa je?"

Nikasema tutaongeza upande wa nyuma.

Nimekwenda kutafuta miti.