Kwa Bu Suprapti, Aliyetutoa Upepo kwa Sarafu

Mwaka umezunguka, Mama, tangu udongo wa kwetu Wonogiri ukufunike. Baba bado anamimina vikombe viwili vya chai kila asubuhi, kisha anavinywa vyote peke yake.

Ulikuwa Bu, yaani mama, na mkono wa kijiji kizima. Mtu akisikia mwili unauma, kaingiwa na upepo kama tusemavyo, alikuja, akavua shati, ukampaka mafuta ya nazi na kumkwangua mgongo kwa ile sarafu ya shaba ya enzi za Waholanzi hadi ngozi ikawa nyekundu. "Upepo huo unatoka," ulisema. "Usilie, mkeo anakuona." Hata aliyekuja mikono mitupu aliondoka amekunywa chai yako ya tangawizi.

Mguu wako wa kushoto ulipovimba, ukasema ni upepo. Ukajikwangua mwenyewe mpaka tukakupeleka hospitali kwa nguvu. Dokta Wening alikueleza kwamba kinga ya mwili wako imegeukia damu yako na inaigandisha.

"Mara nyingine saratani ndiyo huichokoza kinga hivi, Bu. Kesho tukupige picha ya tumbo."

"Tumbo haliumi, mwanangu. Mgonjwa ni mguu, nipe dawa ya mguu."

Asubuhi ukamwamuru Baba akurudishe nyumbani. Binti wa jirani alikuwa amejifungua, nani angemkanda? Tulikubembeleza, ukatucheka. Uliwajali watu kuliko ulivyojijali, na hilo linatuuma mpaka leo.

Uliporudi hospitali, vidole vya miguu vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Damu iliganda mapafuni, kwenye figo, kisha kichwani, yote ndani ya wiki moja. Picha ya tumbo ilionyesha saratani kwenye ovari, imejikalia kimya muda wote huo. Hukupata hata kutuaga.

Juzi, kwenye dua yako ya mwaka, jirani yetu Bu Tukiyem alikuja akichechemea, mguu mmoja umevimba. Akamwomba binti yako Retno ile sarafu.

"Sarafu ipo, mama mkubwa, ila leo haikugusi. Vaa kandambili zako, twende hospitali."

"Mama yako angenikwangua tu."

"Angekukwangua. Ndiyo maana leo unakula wali wa dua yake."

Bu Tukiyem aliweka sahani chini, akavaa kandambili.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Ngadiman, wanao Retno na Yulianto, mkweo Sulastri na mjukuu wako Laras. Hututoki moyoni, Mama.