Unga wa Mwanasheria

Na kuhusu lile swali lako, dada yangu mpenzi, naam, ndoa ni tamu! Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo, ila nyumba ina mgonjwa.

Shemeji yako bado ananimiminia chai kabla hajajimiminia yake. Moyo wangu umejaa pomoni, dada! Nilipoolewa nilimkuta na mbwa wake, aitwaye Mwanasheria kwa sababu hakosi la kubisha. Alimlea kwa maziwa ya chupa, nami nikaapa kumpenda kama nimpendavyo mwenyewe.

Juma lililopita Mwanasheria alisusa chakula, akatapika, macho yakawa manjano. Mume wangu alimbeba hadi kwa daktari wa mifugo, akaambiwa ini limeumia na huenda ni sumu katika chakula. Akaenda moja kwa moja kwa muuza nyama anayetupatia mabaki ya mbwa, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza uozo. Muuza nyama akajibu kwamba nyama hiyohiyo ndiyo wanayokula wanawe, na mchawi wa mbwa wetu tukamtafute kwetu. Hawasalimiani tena, na wateja wameanza kumpita.

Dada, mchawi ni mimi. Unga wetu wa mahindi ulipata unyevu nyuma ya mlango, ukaota ukungu. Nikakumbuka kwetu kwa wazazi hatutupi kitu: tunachekecha, tunaanika, tunampa mbwa. Nikafanya vivyo hivyo, nikampikia siku kumi na mbili, nikijiona mke hodari! Jana nilikwenda kwa daktari kwa siri. Akasema sumu ya ukungu haifi kwa jua wala kwa moto. Unga ule ni wa kutupwa tu, na mzuri ununuliwe kidogo kidogo, ukae pakavu, usiguse sakafu. Nawe uache mazoea yale, tafadhali.

Leo Mwanasheria amelamba maji tu. Mume wangu akirudi kutoka kazini nitamwambia yote, kisha nitamwomba twende kwa muuza nyama, nikaseme mbele ya wateja walewale. Naogopa. Hajawahi kunikasirikia hata siku moja.

Nibusie watoto. Nitakuja kabla mwezi haujaisha. Tukija wawili, tucheke mpaka tuchoke. Nikija peke yangu, nifungulie kwanza, maswali baadaye.

Mdogo wako akupendaye