Muhuri Uliouacha kwenye Droo ya Tatu

Dongshi, Chiayi,
Taiwan.
20 Machi 2018

Mpendwa mdogo wangu Po-jui,

Nakusalimu kwa mapenzi yaleyale ya tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni. U hali gani? Kifua chako kinaivumiliaje baridi ya Halifax? Sisi huku tu wazima, isipokuwa nyonga ya Baba, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Simu yako haipokelewi tangu Mwaka Mpya. Anwani hii nimeinakili kutoka kwenye boksi la biskuti ulizotutumia, na natumai bado unakaa hapo.

Mwezi uliopita Baba aliteleza juu ya lundo la maganda ya chaza. Unamjua: aliambiwa avae buti, akavaa ndala. Mfupa wa nyonga umepasuka. Hapati usingizi kwa maumivu, lakini mdomo haukuvunjika, maana kila anayekuja kumjulia hali anasutwa kwa kuchelewa.

Gundi yenu ya mifupa imepata hataza, sasa serikali inaitambua kuwa ni uvumbuzi wenu. Hati imetundikwa ukutani kwa Profesa Hsiao, jina lake juu, lako chini, na kila mgeni wa chuo hupigwa picha mbele yake. Nilipomwonyesha Baba picha ya hati hiyo alilia, Jui. Baba yetu huyu, aliyemzika Mama kwa macho makavu! Sasa anawaambia wanawake wanaobandua chaza kwamba ni chaza wake waliokufundisha, kwa jinsi wanavyong'ang'ania mianzi anayowafugia baharini. Na akisema hivyo hunitupia jicho mimi, kana kwamba siku chaza walipofundisha mimi nilikuwa nimesinzia.

Anataka awe mtu wa kwanza kuungwa mfupa kwa gundi hiyo. Upasuaji ni tarehe 16 Aprili, tukishasafisha kaburi la Mama.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Kwanza nikiri kosa. Unakumbuka jinsi nyote mlivyoniachia mihuri yenu kwenye droo ya tatu, ili mimi karani niwagongee fomu za likizo na za vifaa bila kuwatoa maabara. Wako niliendelea kuugonga hata ulipokwisha kuondoka. Niliugonga kwenye maombi ya hataza, mara tatu, bila kusoma. Profesa aliniwekea alama ya penseli mahali pa kugonga, nami nikagonga. Najuta, mdogo wangu.

Wiki iliyopita nilikuwa nikiondoa vitu vyako kwenye rafu ya maabara, nikakuta daftari lako la majaribio. Kurasa za mwisho zimekatwa kwa wembe. Aliyekata alikuwa na haraka, akauacha mmoja ulioshikamana na jalada. Mwandiko wako naujua, kwani mimi ndiye niliyekufundisha kushika penseli. Umeandika: "Siku ya arobaini na moja. Sungura wa tatu hasimami."

Nimezisoma hati za hataza zote, na safari hii nimezisoma kweli. Majaribio yanaishia siku ya thelathini, na sungura wote wanasimama. Je, ndiyo sababu uliondoka bila kuaga?

Nilimwambia Baba. Akanikata kauli: "Wivu huo, Chin! Tangu utotoni hupendi mwenzio akisifiwa. Jui mwenyewe akiniambia niache, nitaacha. Wewe nenda kapike." Maneno hayo yaliniuma na mpaka sasa yananiuma, lakini lile la katikati nimelishika.

Hospitali haitamgusa mpaka ipate tamko lenye mihuri ya wavumbuzi wote wawili, kwamba gundi ni salama kwa binadamu. Profesa ameshagonga wake. Alhamisi alinijia anatabasamu.

"Dada Tseng, umebaki wa Jui tu."

"Siuoni, Profesa. Nimeutafuta droo nzima."

"Tafuta tena, tafuta. Usipoonekana si neno. Kijiti tu kile, dakika kumi kinachongwa kingine."

Tangu siku hiyo ananiletea chai mezani kila asubuhi. Kwa miaka kumi na moja niliyofanya kazi pale hajawahi kuniuliza hata kama nimekula. Siinywi.

Muhuri wako umo ndani ya bahasha hii, nimeuviringishia pamba. Kama gundi ni salama, urudishe, nami nitaugonga kwa furaha na kumwomba Baba radhi. Kama si salama, kaa nao, lakini umpigie simu. Sijui Profesa alikuambia nini hata ukatoroka, wala sitakulaumu. Ila wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya chako utamwangukia Baba.

Shangazi Mei-yun anakusalimu sana. Binamu yetu Kuo-wei amepata binti, mashavu yake ni yako matupu. Jirani Lo naye anauliza lini utarudi kumlipia kidirisha ulichovunja mwaka ule. Bibi Mazu wa hekalu letu akulinde huko uliko, na akufungue kinywa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinyamaza,

Su-chin

Tanbihi: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeichana tena sasa hivi, saa nne asubuhi, nikiwa ofisini. Nimefungua droo ya tatu kutafuta stempu ya kubandika, nikakuta muhuri mpya, wa mti uleule, wenye jina lako. Nilijipa moyo kwamba haujatumika. Nikaugusa kwa kidole ili nihakikishe, na kidole changu kikawa chekundu kwa wino mbichi. Mpigie Baba.