Wajukuu Saba Niliompa Lodi

Mwalimu wangu,

Ni mimi, Papa Furaha, mtu aliyezunguka dunia: Uvira, kambi ya Tanzania, Columbus, Louisville kwako, na sasa Buffalo, ambako hata theluji inanijua kwa jina. Nina kosa la kukuambia.

Unakikumbuka kitabu chako kinene, maisha ya yule Lodi, bwana mwenye cheo wa Uingereza, mbunge wa zama za wafalme wa nywele za bandia. Kila Jumapili baada ya kanisa, kwako Highview, ulitufasiria kurasa chache sisi wanaume tuliofanya kazi ghalani, chai mkononi. Siku moja nikakuomba umpe Lodi angalau mtoto mmoja. Ukanitazama juu ya miwani: "Papa Furaha, kama hakuzaa, usimzalie." Walinicheka wiki nzima.

Bon, haya. Kwenye matanga yako wakaniuliza mimi, msemaji wao, Lodi aliishia wapi, maana uliondoka hujamaliza. Ningesema sijui. Lakini unanijua. Nikamfanya waziri mkuu, nikampa wajukuu saba na kifo cha usingizini. Watu wakacheka na machozi yao. Mkeo, Mama Neema, akanishukuru, akanipa kitabu nirudi nacho.

Huku Riverside, mtaa wetu wa Buffalo, binti yangu Furaha akanisomea. Nikimwuliza Kiswahili anajibu Kiingereza, lakini alinifasiria pole pole. Mwalimu, Lodi alimpinga mfalme juu ya vita vya huku Amerika, akanyang'anywa cheo, marafiki wakamkimbia. Akiwa mgonjwa akabebwa kwenye kiti mpaka bungeni, apige kura. Upande wake ukashindwa. Akafa na mtumishi mmoja tu kando yake.

Siku tatu ugali haukupita, mimi huyu. Nilikuwa nimemdanganya mjane wako. Nikampigia simu, nikasema yote. Akasema: "Ule mwisho Mwalimu alinisomea hospitali, Papa Furaha. Nilijua." Donc, yaani, aliniacha tu, kwa sababu siku ile watu walihitaji kucheka. "Lakini sasa njoo uwaambie," akasema. "Yeye angewaambia."

Jumapili hii nakuja Louisville na Furaha na kitabu. Nitasimama mbele ya wale wanaume, mimi niliyeachia shule darasa la sita, niseme: nilidanganya, Lodi alishindwa. Halafu tutaanza tena ukurasa wa kwanza. Naogopa kidogo. Hilo usiwaambie wa huko uliko.

Pumzika, Mwalimu. Nakuahidi: pale kitabu kinaponyamaza, na mimi nitanyamaza.

Papa Furaha