Sahani ya Mchina Mwenye Mwandiko Mbaya

Jumatatu, 5 Machi 1956

Sanduku la makumbusho limefika kutoka Nairobi. Lori lilikwama mchangani, limechelewa mno. Hedmasta anafurahi kama mtoto siku ya Idi. Anataka nifundishe sanaa ya Asia wiki nzima, kisha kila kitu kirudi na lori hilo hilo. Mimi! Mtu wa Garsen, Asia naijua kwa duka la Mhindi tu. Nimeitikia ndiyo bwana. Kifua bado kinabana kwa kikohozi. Joto halisemeki.

Ndani mna sahani kubwa ya Kichina, picha ya Kijapani, kipande cha hariri, na sanamu ndogo ya shaba: mtu amekunja miguu, anatabasamu. Hiyo nimeifunika kwa taulo langu. Sina nguvu za kubishana na wazee wa hapa, kwao sanamu ni haramu.

Jumanne, 6 Machi

Leo picha ya Kijapani. Watu wanakimbia mvua darajani. Nuh, mwanafunzi wangu, akauliza hao ni wa ukoo gani. Nikasema sijui. Akashangaa — mwalimu gani hajui ukoo wa mtu! Kinsi, binti pekee darasani, hakuuliza kitu. Alikuwa akitazama ile mistari ya mvua. Mwishowe akasema huku kwetu mtu akichora mvua atatukanwa, ataambiwa alete ya kweli. Wakacheka wote. Hata mimi.

Halafu mjinga mmoja akavuta taulo. Kelele! Nusu ya darasa wamefumba macho, nusu wametoa macho. Habari imefika mjini kabla sijafika nyumbani.

Jumatano, 7 Machi

Homa kidogo. Nimewapa hesabu.

Alhamisi, 8 Machi

Sahani. Sikuwa nimeitazama vizuri, nilidhani ni maua tu. Kumbe katikati ni Kiarabu! Kinsi ndiye aliyeona kwanza. Akasimama bila ruhusa, akasoma kwa sauti ya chuo cha Kurani: Ayatul Kursi. Wengine wakamfuata. Wakafika mahali herufi zimepinda, nukta zimekaa pasipo pake. Aliyeandika hakujua Kiarabu, alinakili tu. Nuh akasema huyu Mchina angesoma dugsi, yaani chuo chao, angekula bakora.

Niliwaambia wafikirie mtu yuko mbali huko, anachora maneno asiyoyajua, kwa ajili ya watu asiowajua. Wakasogea wote, vichwa juu ya sahani. Tangu nihamie hapa sijapata darasa la namna ile. Nilisahau kukohoa.

Ijumaa, 9 Machi

Baada ya swala alikuja Dekow, baba yake Kinsi. Hakuketi.

"Maalim, mmeletea watoto wetu sanamu. Binti yangu narudisha nyumbani."

Nikamtolea sahani. Akaipitishia kidole hewani, hakuigusa, akisoma polepole.

"Mchina ndiye ameandika hii?"

"Mchina."

"Ameandika vibaya."

"Vibaya sana, mzee."

Akakaa nayo mpaka chai niliyompa ikapoa. Kinsi amebaki shuleni. Alhamdulillahi, nikafikiri yameisha.

Jumamosi, 10 Machi

Hayajaisha. Dekow amerudi na birika. Mkewe Sahara amejifungua juzi juzi na homa imemshika. Dawa za hospitali anameza, homa haishuki. Anataka maji yapite juu ya ile aya, mkewe anywe apone. Kombe — kwetu pia tunafanya, mama yangu alininywesha mara nyingi. Lakini kwetu shehe huandika kwa zafarani kwenye sahani ya nyumbani!

Nikamweleza. Sahani hii iliwahi kuvunjika, imeungwa kwa gundi, maji yataiachanisha. Na si yangu.

"Ya nani?"

"Ya makumbusho."

"Makumbusho ni nani? Ana mke?"

Nikasema aende kwa shehe amwandikie. Akasema ameshaandikiwa mara mbili. Akachukua birika lake akaenda, hakuniaga.

Hedmasta naye nilimweleza. Hakunicheka. Alisema kikivunjika kitu, shule hii haitaletewa kingine, na mimi nitaandikiwa barua. Ni kweli.

Jumapili, 11 Machi

Nimekwenda kumjulia hali Sahara. Afadhali nisingekwenda. Wanawake wamejaa mlangoni, mtoto mchanga analia kwa jirani. Kwenye upenyo wa pazia namwona Kinsi akimpepea mama yake, hakuniangalia. Nikatoa salamu nje ya pazia, nikamwombea apone. Sauti ikatoka ndani, ndogo, kavu:

"Maalim, umekuja nayo?"

Nikasema hapana. Akasema haidhuru. Akanishukuru kwa kumfundisha binti yake! Nimerudi kwa miguu kwenye jua, sikumbuki njia.

Jioni nimefunga sanduku mwenyewe. Sahani katikati, majani makavu pande zote. Misumari nimepiga mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumatatu, 12 Machi

Kinsi hayupo darasani. Kiti chake hakuna aliyekikalia.

Lori limefika mapema. Dereva ana haraka, mawingu yamepanda upande wa Mwingi, njia ya kurudi Nairobi, na anaogopa tope. Hedmasta yuko ofisi ya DC. Niko peke yangu stoo, naandika juu ya kifuniko cha sanduku.

Dekow yuko mlangoni. Ameleta birika tena. Nimemwambia mzee, gundi itaachia. Akasema anajua. Nikamwambia aya yenyewe imekosewa. Akasema Mungu anajua yule Mchina alitaka kuandika nini.

Dereva anapiga honi. Nimemwambia angoje kidogo, kuna kitu hakijafungwa vizuri. Nyundo iko mkono mmoja, kalamu mwingine. Msumari wa kwanza umeng'oka, wa pili unagoma —