Sabuni Kwenye Meno ya Ufunguo

Jumatatu, 6 Julai
Funguo kumi na moja ubaoni. Za akiba kumi na moja ndani ya kopo la maziwa, kopo kabatini, ufunguo wa kabati shingoni mwangu. Nyumba ya wageni ni ya patroni, bosi wangu, lakini funguo ni zangu. Leo Dedé, shemeji yake, aliomba wa akiba wa chumba namba 4 ili atie kitasa mafuta. Nilimpa. Shemeji wa patroni utamkatalia vipi? Aliurudisha una sabuni kwenye meno. Mchafu huyu. Nikauosha.

Alhamisi, 9 Julai
Namba 4 amepanga mama mfanyabiashara wa Bukavu, amekuja kupumzika ziwani. Njiani alinunua mchele Luberizi, akanigawia. Mpole.

Jumamosi, 11 Julai
Saa nane mchana tulimkuta mama wa namba 4 sakafuni. Kichwa kimepasuliwa kwa nyundo. Anapumua. Begi halipo. Mlango ulifungwa kwa nje, haukuvunjwa, na ufunguo wake uko mfukoni mwake. Wa akiba uko kwangu. Watu walijaa uani, wakaniangalia mimi. Dedé akamwonyesha kidole papa Byamungu, mlinzi wetu. "Muzee uyu ndiye anajua vyumba vyote." Wakamwangusha. Mnyororo wa baiskeli, kasia, mateke. "Minye sikuingia mule," alisema mara tatu. Walimlaza mkono wa kulia kwenye kizingiti, wakauponda kwa jiwe. Nilisikia mifupa. Dedé naye alipiga.
Hapo nikakumbuka sabuni: ukibonyeza ufunguo kwenye sabuni, alama inatosha kuchongea mwingine. Nikanyamaza. Aliyetoa ufunguo ni mimi, na jiwe lilikuwa karibu.

Jumapili, 12 Julai
Sikwenda misa. Nilimweleza patroni yote. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyuma ya jiko la Dedé watu aliowatuma patroni walikuta begi, na kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo. Wakamleta uani. Nilidhani nitatazama tu. Nilimpiga usoni kwa kicha cha funguo mpaka jino likatoka. Sikumwonea huruma. Polisi walimchukua akiwa hai, kwa shida.

Jumatano, 22 Julai
Vitasa vyote vipya. Mama wa Bukavu ameanza kuongea. Nilimpelekea papa Byamungu uji hospitalini.
"Ile sabuni weye ulionaka siku gani?"
Jumatatu, nikamwambia.
"Na siku walinipiga, ulikuwa unajua?"
Nikasema ndiyo. Alisukuma bakuli kwa mkono wa kushoto, akageukia ukuta.
Nimerudi. Nimetundika ufunguo wa geti kwenye msumari wake. Kesho nitafungua mwenyewe, kazi iliyokuwa ya papa Byamungu.